Umaskini wa Mali na Umaskini wa Roho: Kumbukumbu za Katibu wa Jumuiya

Kanisa Katoliki linafundisha mambo mawili juu ya umaskini ambayo kwa anayeyasikia mara ya kwanza huonekana kupingana, kwamba umaskini ni uovu unaopaswa kuondolewa, na kwamba umaskini ni njia ya kumfikia Mungu. Fundisho la kwanza linahusu umaskini wa mali, yaani hali ya kukosa chakula, makazi, matibabu, elimu na kazi inayomwezesha mtu kuishi kama binadamu. La pili linahusu umaskini wa roho, yaani fadhila ya mtu anayejua kwamba hana cha kujivunia mbele ya Muumba wake, na ambaye kwa sababu hiyo havitegemei vitu alivyo navyo wala havunjwi moyo na vile asivyo navyo. Iko pia hali ya tatu, ambayo Papa Fransisko aliieleza katika ujumbe wake wa Kwaresima ya mwaka 2014 alipotenganisha umaskini na ufukara, akisema kwamba ufukara ni umaskini uliokosa imani, mshikamano na matumaini, kisha akautaja ufukara wa namna tatu: wa mali, wa kimaadili na wa kiroho. Huu wa mwisho humpata mtu anayempa Mungu kisogo akidhani hamhitaji, na unaweza kumpata mwenye majumba ya kupangisha sawasawa na aliyepanga chumba kimoja uswahilini.

Makala haya yanashughulikia kosa moja linalotendeka katika parokia nyingi za Afrika Mashariki, ambalo ni kuichukua sifa ya hali ya pili na kuibandika juu ya hali ya kwanza, ili asiye na kitu aambiwe kwamba tayari ni tajiri rohoni, na mwenye navyo alale usingizi akiamini kwamba jirani yake amekwisha kufarijiwa. Mwandishi, aliyewahi kuwa katibu wa jumuiya katika parokia moja ya mjini, anashikilia kutokana na aliyoyashuhudia kwamba umaskini wa mali, ukiachwa ulivyo, mara nyingi haumkuzi mtu rohoni, bali humtoa kanisani polepole, bila kelele, na bila mtu yeyote kuandika popote kwamba ameondoka.

Mkanganyiko huo una mizizi katika Injili zenyewe, kwa kuwa Luka, katika sura ya 6, anawaita heri maskini pasipo kuongeza neno, na mistari michache baadaye anawatolea matajiri ole, ilhali Mathayo, katika sura ya 5, anazungumza juu ya walio maskini rohoni. Wahubiri wengi humpenda Mathayo, na sababu yake haijifichi: mahubiri yanayotokana na Mathayo yanaweza kusikilizwa na kila mtu aliyeketi kanisani, pamoja na wale wa mabenchi ya mbele, bila yeyote kujikunja kitini. Padre Gustavo Gutiérrez wa Peru, katika kitabu chake juu ya teolojia ya ukombozi kilichotoka mwaka 1971, alijaribu kuukata mzizi huo kwa kueleza kwamba Biblia inaujua umaskini wa mali kama hali ya aibu inayomchukiza Mungu, inaujua umaskini wa roho kama utayari wa kumpokea Mungu, na kwamba Mkristo anaitwa kuishi umaskini wa tatu, ule wa kujiunga kwa hiari na walionyimwa ili kuupinga unyimaji wenyewe. Maaskofu wa Amerika ya Kilatini walikuwa wamekwisha kusema jambo linalofanana na hilo walipokutana Medellín, Kolombia, mwaka 1968. Ufafanuzi huo, kwa maoni ya mwandishi, haujapata mwingine ulio bora kuupita, ingawa Roma iliwahi kuitilia shaka teolojia iliyouzaa.

Mwaka huo huo wa 1968, Mama Teresa wa Kalkuta alifungua Tabora nyumba ya kwanza ya Wamisionari wa Upendo katika bara la Afrika, ikiwa ni miaka 18 tangu shirika lake lianze rasmi nchini India. Tanzania ya wakati huo ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka mmoja kabla, na ilikuwa imejitwika kazi ya kuufuta umaskini kwa mipango, kwa hiyo kufika kwa masista waliokuja kuwahudumia maskini mmoja mmoja, mgonjwa kwa mgonjwa na yatima kwa yatima, kuliziweka katika nchi moja njia mbili za Kikatoliki za kulitazama jambo lile lile. Njia ya mipango ilitamkwa na Julius Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943 na ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970. Aliwaambia kwamba tatizo la dunia ya leo si umaskini wenyewe, kwa kuwa maarifa na nyenzo za kuushinda zipo, bali ni mgawanyiko wa wanadamu kati ya wenye mali na wasio na mali, na kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga miundo inayowafunga watu katika unyonge litapoteza maana yake mbele ya watu hao.

Wapo waliomlaumu Mama Teresa kwa kutouliza maswali ya namna hiyo. Lawama hiyo ina uzito, maana anayefunga kidonda kila siku ana wajibu wa kuuliza ni nani anayejeruhi, na Nyerere aliuliza. Hata hivyo Mama Teresa aliona kitu ambacho wapangaji wa uchumi hukipita haraka. Alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani huko Oslo mwaka 1979 alieleza jinsi alivyotembelea nyumba moja ya wazee ambamo hakuna kilichokosekana, lakini wazee wote walikuwa wameelekeza macho mlangoni wakimngoja mtoto au ndugu ambaye hakuja. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba yeye mwenyewe aliishi karibu nusu karne bila kuhisi uwepo wa Mungu, akisali gizani. Watu wengine walizichukua barua hizo kama ushahidi dhidi yake. Msomaji anayejua maana ya umaskini wa roho anaweza kuzisoma kinyume chake, kwamba hapo palikuwa na mtu aliyenyang'anywa hata faraja ya sala na bado hakuacha kuamka alfajiri kwenda kwa wagonjwa.

Mahali ambapo mambo haya yote huacha kuwa nadharia ni katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya ni kundi la familia za Kikatoliki zinazoishi jirani, zinazokutana kila wiki kusali, kusoma Neno la Mungu na kusaidiana, na ambazo maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, walizifanya kuwa msingi wa utume wao katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976. Nia ilikuwa njema na ilikuwa ya kimapinduzi, kwa sababu Kanisa lililozoea kuhesabiwa kwa idadi ya mapadre na majengo ya misheni lilitaka kuanzia barazani, kwenye mkeka, mahali ambapo mtu anajulikana kwa jina na shida yake inajulikana kabla hajaisema.

Katika jumuiya ambayo mwandishi aliihudumia, sala ilifanyika Jumamosi alfajiri, nyumba hadi nyumba kwa zamu. Injili ilisomwa, watu walitafakari kidogo, nia zikaombewa, kisha yakaja matangazo, na matangazo kwa kawaida yalichukua muda mrefu kuliko Injili. Hapo ndipo lilipofunguliwa daftari. Mlikuwa na zaka, yaani fungu la pato ambalo kila familia huahidi na kulipa kwa kadi au kwa bahasha yenye namba, tofauti na sadaka inayotolewa wakati wa Misa; mlikuwa na mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadre, mchango wa kanda, mchango wa kutegemeza seminari, mchango wa ujio wa Askofu kwa ajili ya Kipaimara, na rambirambi. Mweka hazina aliyasoma majina kwa sauti, jina na deni, jina na deni. Kila mtu aliufahamu utaratibu huo na wachache waliona kasoro ndani yake, kwa kuwa ulionekana kuwa uwazi wa fedha, na uwazi wa fedha ni jambo jema.

Mama mmoja aliyeuza vitumbua kituoni alianza kwa kuomba zamu ya nyumba yake irukwe. Baadaye akawa anafika sala ikiwa imekwisha kuanza na kuondoka kabla ya matangazo, na hatimaye hakuonekana kabisa. Kamati ya Caritas, ambayo ndiyo idara ya huduma kwa wahitaji katika kila jumuiya, ilimpelekea sukari, sabuni na kilo chache za mchele. Alivipokea kwa shukrani, akawakaribisha wageni wake chai, kisha akawaambia kwa upole kwamba kukosa sukari ameshakuzoea, ila hawezi kusomewa deni mbele ya watu ambao yeye ndiye aliyewasimamia watoto wao ubatizo. Wajumbe walirudi na kuripoti kwamba msaada umefika. Kauli yake haikuandikwa kwenye taarifa, kwa kuwa fomu ya taarifa haikuwa na nafasi ya jambo kama hilo.

Tukio dogo kama hilo lina somo ambalo vitabu vingi vya tafakari hulikwepa. Mama huyo hakuwa na upungufu wa imani, na kama kuna mtu katika jumuiya ile aliyefahamu kwa uzoefu maana ya kumtegemea Mungu kwa mkate wa siku, ni yeye anayekanda unga usiku bila kujua kama mvua itaruhusu wateja. Lakini kukosa fedha kulimkosesha sala ya pamoja, na kukosa sala ya pamoja kulimweka mbali na parokia, maana huduma nyingi za parokia hupitia kwenye jumuiya. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2013 juu ya furaha ya Injili, aliandika kwamba ubaguzi mbaya kuliko wote wanaotendewa maskini ni kunyimwa huduma ya kiroho, na maneno hayo huenda yakaonekana ya ajabu kwa msomaji anayedhani kwamba maskini wana njaa ya ugali tu. Katika mazingira ya jumuiya zenye madaftari ya madeni hayana ajabu yoyote.

Jambo zito zaidi lilihusu mazishi. Katika majimbo mengi ya Tanzania kiongozi wa jumuiya huandika barua ya utambulisho inayothibitisha kwamba muumini ni mshiriki hai, na barua hiyo ndiyo inayofungua mlango wa ubatizo wa mtoto, wa ndoa na wa ibada ya mazishi. Kijana mmoja aliyekuwa kibarua wa ujenzi, aliyebatizwa na kupewa Kipaimara kijijini kwao, alifariki mtaani hapo baada ya kuugua kwa muda mfupi, na ndugu zake walipokwenda kuomba barua waliambiwa kwamba marehemu hajulikani katika jumuiya na hana kadi ya zaka. Majadiliano yalifanyika nje ya nyumba ya msiba, kwa sauti ya chini, huku kinamama wakiendelea kupika ndani. Barua haikutoka. Kijana alizikwa kwa sala iliyoongozwa na mjomba wake, na waliochimba kaburi walikuwa vijana wa mtaa, wengi wao Waislamu, ambao hawakumuuliza mtu yeyote kadi.

Haki inadai ielezwe kwamba viongozi walioikataa barua hiyo hawakuwa watu wakatili. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mstaafu aliyetoa zaka yake kwa uaminifu akiwa hajalipwa pensheni, naye aliona kwamba kumpa huduma mtu asiyeshiriki ni kuwadhulumu wanaojinyima. Parokia ilikuwa imempa kila mwenyekiti lengo la makusanyo, na nyuma ya lengo hilo kuna historia inayoeleweka: misaada ya Ulaya iliyojenga makanisa, shule na zahanati wakati wa wamisionari ilipungua, na Kanisa la wenyeji likatakiwa kujitegemea, jambo ambalo ni la heshima na la lazima. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 222 ya Mkusanyo wa mwaka 1983, inawapa waamini wajibu wa kulitegemeza Kanisa kwa mali zao. Wanaoikumbusha kanuni hiyo mara chache husoma sehemu yake ya pili, inayowadai waamini hao hao kukuza haki katika jamii na kuwasaidia maskini kutoka katika pato lao.

Usomaji wa nusu unaonekana pia katika kisa cha mjane maskini aliyetoa senti mbili hekaluni, ambacho Marko anakisimulia mwishoni mwa sura ya 12, na ambacho husomwa karibu kila parokia inapokuwa na jengo la kumaliza. Mjane hutolewa mfano wa ukarimu, na ni kweli kwamba Yesu alisema ametoa kuliko wote. Lakini mistari inayotangulia kisa hicho inamwonyesha Yesu akiwashutumu waandishi wanaopenda viti vya mbele na kula nyumba za wajane, na mara baada yake, mwanzoni mwa sura ya 13, anatabiri kwamba hekalu hilo halitabaki jiwe juu ya jiwe. Kisa hicho kikisomwa kwa ukamilifu wake, mwinjilisti anaonekana kumsifu mjane na papo hapo kuwahukumu waliomfikisha mahali pa kutoa senti yake ya mwisho. Sehemu hii ya hukumu haisikiki Jumapili ya mavuno, wakati jogoo mmoja anaponadiwa nje ya kanisa kwa bei ya mbuzi, mshereheshaji akilitaja jina la mnunuzi mara tatu kwenye kipaza sauti. (Jogoo huyo, inafaa kuongeza, mara nyingi hurudishwa mnadani na kununuliwa tena, na ni yeye pekee anayetoka hapo akiwa hajachanga.)

Upande wa wenye mali nao una somo lake. Katika jumuiya hiyo hiyo alikuwapo mzee mmoja mfanyabiashara, mfadhili wa kengele na wa vigae vya kanisa, ambaye zamu ya kwake ilipofika watu waliingia kupitia geti la chuma, wakapita mbwa waliofungwa, wakaketi kwenye sebule yenye viti vingi kuliko wakazi wa nyumba. Watoto wake walikuwa nje ya nchi. Sala ilipokwisha hakutaka watu waondoke. Aliagiza chai, kisha soda, kisha akaanza kuuliza habari za watu ambao majina yao hakuyajua vizuri, na wajumbe, waliokuwa na kazi zao za Jumamosi, walitazamana. Hakuna aliyewahi kumsomea deni, kwa sababu hakuwa nalo, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna kiongozi aliyewahi kumuuliza hali yake. Alichokisimulia Mama Teresa huko Oslo kilikuwa kikitendeka hapo, katika nyumba ambayo jumuiya nzima iliihesabu kuwa imebarikiwa. Anayepimwa kwa anachotoa hupata hasara ya namna yake, maana watu humwendea kwa ajili ya mfuko wake na kumwacha na upweke wake, na upweke huo ukikaa muda mrefu hufanana sana na ule ufukara wa kiroho ambao Papa Fransisko aliutaja.

Mtu anaweza kuuliza kama watawa, walioweka nadhiri ya ufukara, hawatoi mfano unaotosha. Nadhiri hiyo ni ahadi ya kutomiliki mali binafsi na kuishi kwa kushirikiana vyote, nayo ni mojawapo ya nadhiri tatu, pamoja na useja na utii. Ukweli ambao watawa wenyewe huutania wakiwa peke yao ni kwamba binti wa familia ya wakulima anayeingia utawani mara nyingi hupata maji ya bomba, milo mitatu na matibabu ambayo ndugu zake hawana. Hilo halibatilishi nadhiri, kwa kuwa nadhiri hupimwa kwa kinachoachwa na kwa huduma inayotolewa. Linaonyesha tu kwamba kuchagua kutomiliki, huku kuna paa na kuna chakula, ni jambo tofauti kabisa na kutokuwa na uchaguzi, na kwamba aliyechagua hana ruhusa ya kumfundisha uvumilivu asiye na uchaguzi.

Makanisa yanayohubiri injili ya mafanikio, yaani fundisho kwamba imani sahihi huzaa utajiri, yamevuna wengi kati ya walioondoka kimya katika jumuiya, na Wakatoliki hupenda kuyacheka kwa mafuta na maji yake ya upako. Kicheko hicho kingekuwa na nguvu zaidi kama wanaocheka wasingekuwa na utaratibu wao wenyewe wa kumtambua mwamini kwa risiti.

Kwa viongozi wa jumuiya na parokia, kwa hiyo, ombi la mwandishi ni la kiutendaji na halihitaji bajeti. Majina na madeni yasisomwe hadharani. Kila familia ipewe hesabu yake kwa faragha, na jumla tu itangazwe. Swali la zaka lisiulizwe kabisa katika nyumba ya msiba. Barua ya utambulisho wa marehemu iandikwe na mtu aliyekwenda kuwasikiliza wafiwa, hata kama jina halimo katika daftari lolote. Wenye kudhani kwamba huo ni ulegevu wanaombwa wafungue ule ule Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 848, inayomtaka mhudumu ahakikishe kwamba wahitaji hawakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wao, kisha kanuni ya 1181, inayokataza upendeleo katika mazishi na inayotaka maskini wasinyimwe maziko yanayowastahili.